Uzito wa kijana umezidi? Namna ya kumpima nyumbani na pa kuanzia

Macho hayatoshi kuamua kama kijana amenenepa kupita kiasi. Kati ya miaka 10 na 16 mwili hubadilika kwa kasi: wasichana hujaza nyonga na mapaja, na baadhi ya wavulana hutokeza kitambi kidogo halafu wakarefuka ghafla na kitambi kikaisha. Hiyo ni balehe na haina dawa. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 160 kati yao walishafikia unene uliokithiri. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu ushauri wowote, pima.

Kupima urefu na uzito

Tafuta ukuta ulionyooka na sakafu ngumu isiyo na zulia. Kijana avue viatu na soksi na afungue nywele kama amezibana juu ya utosi. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele. Weka kitabu kigumu kichwani, ubavu wake mmoja ukilalia ukuta, na ukibonyeze mpaka kiguse kichwa chenyewe wala si nywele. Tia alama ya penseli chini ya kitabu, kisha pima kutoka sakafuni kwa futi ya chuma, ile ya fundi seremala. Futi ya kitambaa ya fundi cherehani huvutika ikitumika muda mrefu. Pima mara 2, na majibu yakipishana zaidi ya nusu sentimita, rudia. Asubuhi ndiyo saa nzuri, kwa sababu mtu hupungua urefu kwa karibu sentimita 1 kufikia jioni.

Uzito nao upimwe asubuhi, kijana akiwa ametoka chooni, hajanywa chai na amevaa nguo nyepesi. Mizani ikae kwenye saruji au vigae, maana kwenye zulia husoma vibaya. Mizani za barabarani, ambako mtu hupanda na viatu na sare, hazifai kwa hesabu hii.

Sasa gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mvulana wa miaka 13 mwenye kilo 56 na urefu wa mita 1.52: 1.52 × 1.52 ni 2.31, na 56 ÷ 2.31 ni 24.2. Hiyo ndiyo BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanachukua vipimo vya watu wazima, 25 kwa uzito uliozidi na 30 kwa unene uliokithiri, wanaona 24.2 na kusema kijana yuko salama. Hayuko. Kwa miaka 5 hadi 19 mipaka hubadilika kwa umri na jinsia. Kwenye majedwali ya WHO, namba ya kwanza hapa chini ni pale uzito unapoanza kuhesabiwa kuwa umezidi, ya pili ni pale unene uliokithiri unapoanza:

Miaka 12: mvulana 19.9 na 23.6, msichana 20.8 na 25.0
Miaka 13: mvulana 20.8 na 24.8, msichana 21.8 na 26.2
Miaka 14: mvulana 21.8 na 25.9, msichana 22.7 na 27.3
Miaka 16: mvulana 23.5 na 27.9, msichana 24.1 na 28.9
Miaka 18: mvulana 24.9 na 29.2, msichana 24.8 na 29.5

Mvulana wetu, basi, uzito wake umezidi na anakaribia mpaka wa pili. Na tazama uzembe wa kupima unavyoleta balaa: ukikosea sentimita 2 tu na kuandika mita 1.50, BMI inakuwa 24.9 na umeshamwita mtoto mgonjwa wa unene uliokithiri bila sababu.

Ongeza kipimo cha kiuno. Zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, kijana akiwa ametoa pumzi kawaida bila kujikaza. Kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wake. Kikizidi, mafuta yamejaa tumboni, na hayo ndiyo yanayoambatana zaidi na kisukari na shinikizo la damu.

Lengo ni lipi

Kwa kijana ambaye bado anarefuka, mara nyingi lengo la kwanza ni kusimamisha uzito ulipo, wala si kuupunguza. Mvulana yule akibaki na kilo 56 na mwakani akafika mita 1.60, jambo la kawaida kabisa kwa umri huo, BMI itashuka hadi 21.9, karibu kabisa na mpaka wa 21.8 wa miaka 14. Hajapoteza hata kilo moja na hajalala njaa. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo miaka 2 au 3 iliyopita hana nafasi hiyo kubwa, kwa kuwa urefu wake umebaki kidogo. Yeye atahitaji kupungua polepole, akisimamiwa na mhudumu wa afya.

Hesabu ya stoo

Kumuuliza kijana anakula nini hakusaidii sana. Atasahau, au ataficha. Stoo haifichi. Andika tarehe dumu la mafuta linapofunguliwa na linapokwisha, na fanya hivyo kwa sukari.

Familia ya watu 5 inayomaliza lita 5 za mafuta kwa mwezi inampa kila mtu kama mililita 33 kwa siku, karibu kalori 270. Ikimaliza lita 10, ni zaidi ya kalori 500 kwa kichwa, na hapo hujahesabu chipsi za nje, sambusa wala bagia. Sukari kilo 5 kwa watu hao hao ni gramu 33 kwa kila mmoja kwa siku. WHO inashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku: karibu gramu 50 kwa anayehitaji kalori 2,000, na nusu ya hapo ni bora zaidi.

Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4, lakini nani anasawazisha? Kikijaa hufika 6. Vikombe 2 vya chai, kila kimoja vijiko 3 vya kujaa, ni gramu 36. Chai ya nyumbani pamoja na soda moja ya shuleni imeshampitisha kijana kwenye kikomo, na bado hajala kitu.

Ndiyo maana tunashauri kuanza na vinywaji kabla ya kugusa ugali. Vinywaji havishibishi, kwa hiyo vikiondoka hakuna anayelala njaa. Punguza kijiko kimoja cha sukari kila baada ya wiki 2 mpaka kibaki kimoja, ulimi huzoea. Soda isikae kwenye friji, iwe ya sherehe. Juisi ya pasheni au embe isichukuliwe kuwa mbadala salama, hata ya kusaga nyumbani: ukishachuja tunda, sukari imebaki na nyuzinyuzi zimekwenda. Ale embe lenyewe. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari pamoja na kafeini inayomkosesha usingizi, na usingizi ni habari nyingine tutakayoifikia.

Mafuta nayo yana njia zake. Mboga ya watu 5 inatosha vijiko 2 vya chakula, vilivyopimwa kwa kijiko wala si kumiminwa kutoka kwenye dumu. Kitunguu kikianza kushika kwenye sufuria nyembamba, wapishi wengi huongeza mafuta; ongeza maji vijiko 2 badala yake. Mboga ikiungwa kwa tui, isitiwe mafuta tena, na tui liwe jepesi. Viazi vya kuchemsha gramu 100 havifiki kalori 90, vikikaangwa kuwa chipsi gramu hizo hizo zinafika karibu 300. Chipsi mayai ikiwa chakula cha jioni mara 4 kwa wiki, tafuta sababu ya uzito hapo kabla ya kulaumu damu ya ukoo.

Urithi upo, ni kweli. Kuna watoto ambao njaa yao ni kali kuliko ya wengine tangu wadogo. Lakini urithi unahitaji chakula cha kuufanyia kazi.

Sahani na hela ya shule

Nusu ya sahani iwe mboga za majani, kachumbari au matunda, robo wanga, robo maharage, dagaa, samaki, yai au nyama. Tatizo la nyumba nyingi ni wanga juu ya wanga: wali, tambi na viazi kwenye sahani moja, au chapati na wali. Chagua mmoja. Anayetaka kuongeza, aongeze mboga na maharage kwanza, angoje dakika 15, kisha aamue kuhusu ugali.

Asubuhi usimwache atoke na tumbo tupu, kwani saa 4 atanunua maandazi 3 na soda. Kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha na yai, au uji wa dona wenye sukari kidogo, humfikisha mapumziko. Kwenye begi weka ndizi, hindi la kuchemsha au karanga za kiganja kimoja. Kiganja, si pakiti: gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 550. Hela ya shule ipungue kulingana na ulichomfungia, na umweleze sababu.

Usingizi na simu

Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Anayelala kidogo huongezeka njaa, hasa ya vitu vitamu na vya kukaanga, na ana saa nyingi zaidi za kula. Sasa fanya hesabu: anayeamka saa 10:30 alfajiri kuwahi daladala anatakiwa awe amelala saa 2:30 usiku. Nyumba chache zinaweza. Lakini kazi za shule zikianza mara tu anaporudi badala ya baada ya tamthilia, saa 3 inawezekana. Simu ilale sebuleni kwa wote, wazazi pia, la sivyo bando la usiku litamkesha. Na chakula kisiliwe mbele ya runinga, maana mkono huendelea kwenda mdomoni bila tumbo kuulizwa.

Mwili kufanya kazi

Wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayopandisha mapigo ya moyo, na mara 3 kwa wiki kitu cha kuimarisha misuli na mifupa. Zinaweza kukatwa vipande: kushuka vituo 2 kabla ya nyumbani, kuruka kamba, rede, mpira, kubeba maji. Wasichana wengi huacha michezo wakishapevuka kwa aibu ya matiti au hofu ya kuchafuka siku za hedhi. Sidiria inayobana vizuri na pedi za kutosha humrudisha uwanjani kuliko hotuba.

Mazoezi peke yake hayafuti chakula. Kijana wa kilo 56 anahitaji kutembea haraka kama dakika 40 kuchoma soda moja.

Yanayoharibu kazi

Kupika chakula cha peke yake huku wengine wakila chipsi. Atakula akitoka, na ataficha. Mabadiliko yawe ya nyumba nzima, hata mdogo wake mwembamba.

Kumwita bonge au tipwatipwa, hata kwa utani wa shangazi. Kijana anayeaibishwa hula zaidi akiwa peke yake na huacha michezo.

Kumnyima chakula cha jioni au nyama na maharage. Msichana anayepata hedhi anahitaji madini ya chuma. Atapungua kilo 2 na kupata upungufu wa damu.

Chai na vidonge vya kupunguza uzito. Nyingi ni dawa za kuharisha: kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki. Maji ya moto na ndimu hayayeyushi mafuta pia.

Kumpima kila siku. Uzito hupanda na kushuka kilo 1 kwa maji tu. Mara moja kwa mwezi yatosha, urefu kila miezi 3.

Wakati wa kwenda hospitali

Usisubiri mwezi uishe kama ana kiu isiyokwisha na anaamka usiku kukojoa mara kwa mara, hasa akianza kukonda ghafla. Apimwe sukari siku hiyo hiyo. Maumivu ya nyonga au goti yanayomfanya achechemee nayo ni ya haraka, kwa sababu kwa vijana wazito kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza kutoka mahali pake, na hapo asitembee sana mpaka apigwe eksirei.

Mengine yanahitaji miadi: ngozi nyeusi iliyonenepa shingoni au kwapani ambayo haitoki kwa kusugua, kukoroma kwa kukatika pumzi, hedhi inayopotea miezi mingi, kuumwa kichwa mara kwa mara. Kijana mzito ambaye pia ni mfupi kuliko wenzake na hakui apimwe homoni, kwa kuwa unene wa chakula kwa kawaida huendana na kurefuka vizuri. Anayetumia prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe na mzio) au dawa nyingine ya muda mrefu, mwambie daktari. Baadhi huongeza uzito, lakini usiikatishe mwenyewe. Nenda na vipimo ulivyoandika pamoja na tarehe zake, tarehe za hedhi na makopo ya dawa zote.