Kusugua mawe ya Sabaki mpaka yang'ae: somo la nyumbani, Malindi

Salaam wapenzi wa mawe. Wengi mmeniuliza yale mawe meupe yanayong'aa kama yamepakwa mafuta nimeyanunua wapi. Sikununua, ni kokoto za mto Sabaki, nimeziokota mwenyewe na nimezisugua kwenye dramu niliyotengeneza na fundi hapa Malindi, ikachukua kama wiki tano hivi. Nitaeleza yote, ila jambo moja nalitanguliza manake ndilo watu wengi wanakosea: kung'aa hakuji mwisho na ile poda ya polishi, kunakuja mwanzo, kwa mawe uliyochagua na ile wiki ya kwanza ya unga mkubwa, yaani chembe kali za kusagia mawe. Ukiharakisha hapo polishi haitakuokoa.

MAWE TUNAPATA WAPI

Mto wetu ni mrefu, kama kilomita 390, unaanza juu huko upande wa Nairobi ukiitwa Athi, ukikutana na mto Tsavo unakuwa Galana, ukifika huku kwetu ndo Sabaki. Njia yote hiyo unabingirisha mawe, unayagonganisha, unayalamba kona, kwa hivyo kokoto inayofika huku tayari imesuguliwa nusu na mto, sisi tunamalizia tu. Ndo maana mimi nayapenda kuliko jiwe la kupasua, jiwe la kupasua lina kona kali na litakula wiki mbili zaidi.

Sasa huku chini karibu na daraja na mdomo wa mto utakuta mchanga mwingi na tope, kokoto ni chache, usichoke kuzunguka na jua. Njia rahisi ni kwenye mijengo. Mafundi wakimwaga mchanga wa mto wanauchekecha kabla ya kupiga plasta, na kile kinachobaki juu ya chekeche wanakitupa kando. Hapo ndo dhahabu yenu ilipo jamani! Omba ruhusa kwa mwenye mjengo au fundi, mimi hupeleka soda mbili nabeba ndoo nzima.

Mahali pa kuacha: ndani ya Malindi Marine, ile ni hifadhi tangu 1968, usitoe tumbawe wala kombe. Ndani ya hifadhi ya Tsavo vilevile, hata kama umeona jiwe zuri vipi pale Galana. Na lile korongo la Marafa kule Nyari msiende kuchimba, pale ni pa wenyeji na isitoshe lile ni jiwe laini, ukilitia kwenye dramu asubuhi unakuta uji.

KUCHAGUA

Kuna kipimo cha ugumu wa mawe cha Mohs, cha tangu 1812, kinaenda 1 mpaka 10, almasi ikiwa 10. Jiwe la matumbawe, lile tunalojengea nyumba pwani yote hii, liko kwenye 3. Kisu cha chuma ni kama 5 na nusu. Kwatsi, lile jiwe jeupe au la maziwa kama chumvi ya mawe, ni 7, na hili ndilo tunalolitaka.

Kwa hivyo chukua kisu, kwaruza. Kikiacha mkwaruzo wa kweli, tupa. Kisu kikiacha mstari wa kijivu unaofutika kwa kidole, huo ni chuma kimebaki juu ya jiwe, jiwe ni gumu, weka. Ukiwa na shaka dondoshea ndimu au siki, likitoa povu ni chokaa, tupa. Halafu lioshe uliangalie kwenye jua, lenye ufa tupa, lenye mashimo tupa, na yale yenye tabaka zinazometameta za ulanga pia tupa maana ulanga unabanduka na kuchafua mengine. Meusi mazito ya lava yanaweza kutoka vizuri, mto unapita kando ya Yatta ambayo ni mgongo mrefu wa lava, ila yasugue peke yao, usiyachanganye na kwatsi.

Mimi kundi langu la kwanza kabisa nilichanganya kila kitu, matumbawe, kwatsi, vipande vya tofali, nikaona ni rangi nzuri. Baada ya siku nne matumbawe yote yamekuwa tope jeupe zito na kwatsi imekwama ndani haigongani tena, haijasuguka hata kidogo. Niliumia manake ule unga nilikuwa nimeagizia Nairobi.

MASHINE

Anayeweza kununua anunue, ziko za kuagiza. Yangu ni hivi: mota niliyotoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa, wati 90, inazunguka mara 1400 kwa dakika. Puli ndogo ya milimita 40 kwenye mota, mkanda, puli kubwa ya 250 kwenye shafti. Shafti mbili za milimita 25 ziko sambamba juu ya beringi, zimevishwa mpira wa hosi, moja inaendeshwa na nyingine inafuata. Dramu inalala juu yao. Dramu ni bomba la plastiki la maji machafu la milimita 110, urefu sentimita 20, upande mmoja limegundishwa kifuniko moja kwa moja na upande wa pili kifuniko cha kufungua chenye washa, yaani mpira wa kuzuia kuvuja, niliyokata kwenye tyubu ya gari. Ukipiga hesabu dramu inazunguka kama mara 50 kwa dakika, na hapo ndo pazuri. Ikienda kasi sana mawe yanarushwa na kupasuana, ikienda polepole sana yanateleza tu chini.

Vitu viwili fundi atasahau, umkumbushe. Gundisha vipande vitatu vya mpira ndani ya dramu kwa urefu wake, plastiki tupu inateleza na mawe hayapandi. Na mota iwekee feni ndogo, itakuwa inafanya kazi usiku na mchana na haikutengenezwa hivyo, ukiigusa ikakuchoma zima ipumzike.

KAZI YENYEWE

Hatua ya kwanza, unga namba 60/90 wa silikoni kabaidi, watu wa tarazo wanaita kaborandamu. Namba ni ukubwa wa chembe, ikipanda chembe zinakuwa ndogo. Ugumu wake ni 9 na kidogo ndo maana unaila kwatsi. Jaza mawe mpaka theluthi mbili ya dramu au zaidi kidogo, makubwa na madogo yachanganyike, madogo ndo yanaingia kwenye mianya ya makubwa. Yangu inachukua kilo moja na nusu. Unga vijiko vinne vya mezani. Maji mpaka yakaribie kufunika safu ya juu, yasifunike. Funga, pangusa mdomo wa kifuniko vizuri chembe zisikae kwenye washa itavuja, weka izunguke siku 7.

Sikiliza. Sauti nzuri ni kama mvua ya mbali kwenye mabati, shwaa moja mfululizo. Ukisikia ko, ko, ko, mawe hayatoshi yanaanguka. Ukisikia kimya, tope limekuwa zito.

Siku ya saba fungua, osha, angalia moja moja. Hapa ndo roho ya kazi ilipo. Lenye shimo au kona rudisha, tia unga mpya, wiki nyingine, hata ya tatu. Usilionee huruma jiwe ukalipitisha eti linakaribia, shimo lililobaki hapa litabaki mpaka mwisho na litajaa poda nyeupe isiyotoka. Na jiwe litapungua, msishtuke, kundi langu la mwisho liliingia kilo 1.5 likatoka na 1.1.

Ya pili namba 120/220 siku 7, ya tatu namba 500 siku 7, vijiko vilevile. Mawe yakipungua jazia na kokoto ndogo za kwatsi zilizofikia hatua hiyohiyo.

Kati ya hatua na hatua ni usafi, na nasema usafi wa mtu anayeandaa maiti, si wa kusuuza kikombe. Dramu, kifuniko, washa, kucha zako, ndoo, kila kitu, na mswaki wa zamani. Chembe moja ya 60/90 ikijificha kwenye uzi wa kifuniko ikaingia na polishi, siku saba zote itakuwa inachora mawe. Ilinipata hiyo, mawe 40 na kitu yote yana michirizi kama paka amepita, nikarudi mpaka namba 120. Sai nina dramu ya pili ambayo haijawahi kuguswa na unga, ni ya polishi peke yake.

Ya nne, polishi, poda ya aluminiamu oksaidi, vijiko vinne, siku 7. Hapa mawe yasigongane kwa nguvu kwa hivyo natia shanga za plastiki kama robo ya dramu, na shanga hizo hazitumiki hatua nyingine yoyote. Halafu mwisho maji na sabuni ya kipande iliyokunwa kijiko kimoja, masaa matano, kutoa ule ukungu.

Kupima: kausha. Jiwe likiwa limeloa lote linang'aa, litakudanganya. Lifute, liweke kivulini dakika kumi, ukiona bado taa inajionesha juu yake, limeiva.

Tope usimwage kwenye sinki kabisa, linaganda kama simiti ndani ya paipu, nyumba niliyopanga zamani nilivunja sakafu ya bafu kulitoa kwa pesa yangu. Mimina kwenye ndoo, liache litulie usiku, maji ya juu mwaga uani, tope lifukie mbali na kisima. Na likikauka sakafuni usilifagie, lilowanishe ulipanguse, vumbi la kwatsi likiingia kwenye mapafu halitoki na linaua watu wa machimbo kila mahali duniani. Ndo maana pia kazi yote hii ni ya maji, msisage jiwe kavu nyumbani mkiwa na watoto.

MASWALI

Swali: Kaka shukran, sasa hiyo tokeni si utakula stima ya mwezi mzima?
Jibu: Wati 90 kwa masaa 24 ni yuniti 2 na kidogo kwa siku, zidisha na wiki tano ni kama yuniti 76. Si bure. Mimi siendeshi na nusu dramu, nasubiri mawe yajae, na sasa hivi natafuta mota ndogo zaidi manake mzigo wenyewe ni mwepesi.

Swali: Mchanga wa bahari hauwezi kutumika badala ya huo unga? Huku Mambrui tuko nao bure.
Jibu: Kwa kwatsi hapana ndugu yangu. Mchanga mwingi ni kwatsi hiyohiyo, 7 kwa 7 hazilani, na chembe zenyewe mawimbi yameshazilainisha. Ila kwa vioo vya chupa unafaa sana, kioo ni laini kidogo kuliko kwatsi, tia mchanga mkali wa mto wiki moja utapata kile kioo cha ukungu kama kimekaa baharini miaka.

Swali: Maalim, sisi Lamu hatuna mto, naokota vioo na vigae vya vyombo vya zamani ufuoni, vingine vina maua ya buluu, naweza kuvisugua nitengeneze hereni?
Jibu: Vioo ndio dadangu, tena anza navyo. Vigae hapana, nakuomba. Huko kwenu kuna miji ya kale, Takwa, Manda, Shanga, na kigae cha buluu huenda ni cha Kichina cha mamia ya miaka, ukikisugua umefuta habari yote iliyokuwemo, na sheria ya makumbusho ya 2006 inavilinda. Kiache pale pale, piga picha, uwaoneshe watu wa makumbusho pale Lamu.

Swali: Stima ikipotea je? Kwetu juzi ilienda siku mbili.
Jibu: Masaa machache hakuna neno. Ikipita siku, tope linashuka linashikana na mawe, ukiwasha ghafla mkanda unateleza mota inaungua. Igeuze dramu kwa mkono kila ukipita, au fungua uoshe na unga mpya.

Swali: Dramu yangu imevimba kifuniko kimetoka kama tumbo, niache?
Jibu: Usiache! Ni gesi, kuna mawe mengine yanaitoa yakisagika. Zima, fungua polepole uso ukiwa mbali, nje si jikoni. Halafu kila siku fungua kidogo ipumue, na angalia kama hujatia jiwe la chokaa humo.

Swali: Mwalimu nimefika polishi siku ya saba, nimekausha kama ulivyosema, kwatsi inang'aa pembeni lakini katikati imefifia kama pumzi kwenye kioo. Niongeze poda?
Jibu: Usiongeze poda. Pembeni kunasuguka kwanza, katikati bado kuna mikwaruzo ya 220. Osha kila kitu, rudi namba 500 kwenye ile dramu ya unga, siku nne tano, kausha uangalie tena. Katikati pakifanana na pembeni, hata kama pote pamefifia sawa, hapo ndo urudi polishi.