Unaingiaje kwenye mihadhara ya bure ya Chuo Kikuu Mlimani kama we si mwanafunzi

Mi si msomi. Nauza vipuri vya pikipiki Manzese, shule niliishia kidato cha nne, ila mihadhara niliyokaa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka hii nadhani inawazidi hata baadhi ya wanaolala hosteli za pale pale. Nikiwaambia washkaji kijiweni wananiuliza maswali mawili, la kwanza "kuna posho?" na la pili "unaingiaje?". Posho hakuna. La kuingia ndo nataka niliandike hapa ili niache kurudia kila wiki.

Kwanza jua kwamba tangazo likisema mhadhara wa umma, au pablik lekcha kama wanavyopenda kusema wenyewe, huo umma ndo wewe. Hakuna mtu atakudai cheti wala ada. Mi nilichelewa kuelewa hilo, nilikuwa napita pale nje naona watu wanaingia ukumbini nadhani wote wameitwa kwa barua.

Sasa siyo kila shughuli ni sawa. Mhadhara wa umma na uzinduzi wa kitabu ni milango wazi kabisa, na uzinduzi nakushauri uanze nao maana mara nyingi kuna soda na mwandishi mwenyewe yupo unamuuliza uso kwa uso. Kongamano ni kitu kingine, linaweza kuwa la siku mbili tatu na mengine yana ada ya kujisajili, kwahiyo soma tangazo hadi mwisho kabla hujapanda gari. Semina za idara ni za watu kumi na tano wanaojuana, ukiingia wote wanageuka, lakini hawakufukuzi, we salimia tu ukae.

Kubwa kuliko zote kwa maoni yangu ni tamasha la Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Kigoda, yaani nafasi ya uprofesa ya heshima yenye jina la Mwalimu, kilianzishwa 2008, Profesa Issa Shivji ndo akawa wa kwanza kukikalia, na tamasha la kwanza la 2009 mgeni alikuwa Wole Soyinka, yule Mnigeria wa tuzo ya Nobel, watu wakamsikiliza bure. Limezoeleka kuwa Aprili kwa sababu Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili, na Aprili ni masika, kwahiyo mwavuli usisahau, kile kilima kikilowa viatu vyako utavitambua kwa shida. Pia kuna Wiki ya Utafiti na Ubunifu ya chuo, na tarehe 7 Julai siku ya Kiswahili duniani, hapo waangalie watu wa TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo.

Taarifa unazipata wapi? Kurasa za chuo za Instagram na X zinasaidia, tovuti pia, ila mi naamini zaidi karatasi. Ukifika pale pita kwenye mbao za matangazo, za maktaba na za koleji, piga picha kila kitu, mengine yameisha muda wake lakini unaona idara gani inapenda kualika watu. Halafu ongea na wafanyakazi wa maktaba, hawa watu wanajua kila kitu kinachotokea mle na ni nadra mtu kuwauliza, ukiwauliza vizuri wanafurahi.

Kusoma tangazo nako kuna mitego. Mtego mkubwa ni saa. Matangazo mengi yameandikwa kwa Kiingereza na saa zake ni za Kizungu, kwahiyo ukiona 2:00 pm hiyo ni saa nane mchana, siyo saa mbili. Usicheke, jamaa yangu fundi aliona 3:00 akaenda saa tatu asubuhi, akafunga banda, akakaa kwenye benchi chini ya mti hadi saa tisa alasiri, na mhadhara ulipoanza akalala. Mtego wa pili ni mabadiliko. Niliwahi kutoka hadi chuo kimoja huko mjini, nimeoga nimependeza, kumbe wameshahamishia kila kitu Zoom na mlinzi hana habari. Tangu siku hiyo kama tangazo lina namba ya simu napiga asubuhi yake, vocha ya kupiga ni ndogo kuliko nauli.

Kufika. Pale kuitwa Mlimani siyo urembo wa jina, ni mlima kweli, chuo kilianzia mtaa wa Lumumba 1961 ndo kikahamia huko juu 1964. Chukua daladala yoyote inayopita Sam Nujoma kati ya Mwenge na Ubungo, mwambie konda akushushe njia ya chuo, kutoka hapo boda au bajaji inakupandisha. Kupanda kwa mguu saa saba na nusu mchana inawezekana ila utaingia ukumbini umelowa na kiyoyozi cha mle kitakumaliza. Beba sweta. Najua ni Dar, beba sweta.

Boda utamwambia wapi? Hapa wengi wanapotea. Kama ni Nkrumah kila mtu anapajua, ni ule ukumbi uliokuwa nyuma ya noti ya mia tano kabla jero haijawa sarafu ya nyati. Kama tangazo linasema maktaba, sema "maktaba mpya, ile waliyojenga Wachina", maana ya zamani nayo ipo. Hiyo mpya ilizinduliwa Novemba 2018, walisema inaingiza wasomaji 2,100 kwa mara moja na vitabu 800,000, na ina ukumbi wake wa mikutano, kwahiyo ukifika mlangoni usifuate tu wanafunzi wanaoenda kusoma, uliza mkutano uko wapi. Na uelewe kwamba kuingia kwenye mhadhara siyo sawa na kutumia maktaba, kukaa kusoma vitabu kuna utaratibu wake, uliza dawati la mbele.

Getini au mlangoni kuna mlinzi. Mlinzi ndo mtu anayewarudisha watu nyumbani, na mara nyingi hajawarudisha yeye, wamejirudisha wenyewe kwa kubabaika. Fungua lile tangazo kwenye simu kabla hujafika, kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, sema "naenda kwenye mhadhara, upo ukumbi fulani". Basi. Ukianza "samahani eti hapa mtu akitaka, yaani kama siyo mwanafunzi..." unamtia wasiwasi na yeye. Kitambulisho cha NIDA kiwe mfukoni. Mavazi, vaa kama unaenda ofisi ya kata, suruali ya kawaida na shati, kaptula na kandambili acha nyumbani. Begi kubwa pia acha, maktaba nyingi watakuambia uliweke nje ya mlango na wewe utasikiliza mhadhara huku unawaza begi.

Fika nusu saa kabla. Siyo kwamba wataanza kwa wakati, ila viti vya katikati vinaisha. Safu za mbele kabisa usikae hata kama ziko tupu, ni za waalikwa, atakuja kijana mwenye beji akuhamishe mbele za watu na utaona aibu bure. Halafu vumilia utambulisho. Kila anayesimama ataanza na mgeni rasmi, makamu mkuu wa chuo, wakuu wa koleji, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na hapo bado hajasema kitu. Mi huo muda naandika kwenye daftari vitu ninavyojua kuhusu mada, nikiona sijui hata kimoja ndo nasikiliza kwa makini.

Lugha isikutishe. Mingi ni Kiingereza, mtoa mada anachanganya, mchokoza mada anachanganya zaidi. Usiku wa kabla yake tafuta mada mtandaoni, soma kurasa mbili tatu kwa Kiswahili kama zipo, ukishajua maneno kama saba ya msingi unafuata vizuri tu. Na swali uliza kwa Kiswahili, sijawahi kuona profesa wa pale akikataa kujibu.

Kuhusu swali, dakika zake ni chache na kuna wazee wanazila zote, anashika kipaza sauti anasema "mimi sina swali bali nina mchango" halafu anakwenda robo saa. Usiwe huyo. Taja jina, taja unapotoka, uliza, kaa. Na usidhani huna cha kusema kwa sababu hujasoma. Siku moja mada ilikuwa mafuriko ya bonde la Msimbazi, ramani zinapita ukutani, rangi ya bluu na nyekundu, mama mmoja wa Jangwani, mtaa wa huko huko bondeni, akanyanyua mkono akasema, mwanangu hiyo ramani nzuri, ila sisi tukisikia maji yananuka machinjio ya Vingunguti tunaanza kubeba magodoro, je huko kwenye kompyuta yako harufu mmeiweka? Ukumbi ukacheka, lakini mtoa mada hakucheka, alichukua kalamu akaandika, na baada ya mhadhara nilimwona kamfuata yule mama hadi kwenye meza ya chai anamuuliza inachukua saa ngapi kutoka harufu hadi maji.

Meza ya chai usiikimbie kama ipo. Pale ndo unaomba slaidi zitumwe kwa imeili, wengi wanakubali.

Na kabla hujatoka hakikisha umejaza karatasi ya mahudhurio, inapita kwenye viti au ipo mezani mlangoni. Watu wanaiogopa wakidhani ni ya posho ya waalikwa, kumbe mara nyingi waandaaji wanachukua humo namba na imeili za kualikia watu mara nyingine, mi sasa hivi matangazo mengine yananifuata wasap bila kuyatafuta. Kuna safu ya jina, simu, saini, na moja imeandikwa taasisi. Hiyo mwanzoni nilikuwa naiacha wazi. Siku hizi naandika Manzese, na hakuna aliyewahi kuniuliza.