Namna ya Kupima Formaldehidi ya Asili katika Samaki wa Baharini

Samaki wengi wa baharini tunaokula Lubumbashi ni chinchard wa Namibia, ambao sokoni tunawaita tomsoni. Hupita Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa wakiwa wamegandishwa, na formaldehidi yaweza kupatikana ndani yao hata kama hakuna aliyewatia formoli, yaani maji yenye formaldehidi ya kuzuia kuoza. Chanzo chake ni trimetilamini oksidi iliyomo mwilini mwa samaki wa bahari, ambayo nyama iliyogandishwa ikihifadhiwa katika baridi isiyotosha huvunjwa na kimeng'enya, na kila molekuli ya formaldehidi inayotoka huandamana na molekuli moja ya dimetilamini. Merlu na samaki wa ukoo wa Gadidae (kodi na jamaa zake) hutoa nyingi zaidi. Karatasi ya kupimia inayogeuka rangi haitusaidii hapa, tunahitaji kiasi.

Hatua ya kwanza ni sampuli. Kabla ya kukata, choma kipimajoto kwenye mgongo wa samaki na uandike nyuzi, kwa maana lori lililokaa foleni mpakani siku kadhaa huacha alama yake hapo. Kata nyama ikiwa bado ngumu nusu, ondoa ngozi, usiguse figo wala wengu, ambako kimeng'enya hicho kina nguvu sana, na utenge nyama nyeupe na ile nyekundu ya ubavuni.

Pili, saga gramu 30 pamoja na mililita 60 za asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 6, iliyo baridi, kwa dakika moja, kisha uchuje. Vaa glavu, kwani asidi hiyo inaunguza. Wapo wanaopendelea kutonesha kwa mvuke. Mimi nimeacha, kwa sababu joto huvunja trimetilamini oksidi iliyobaki na kuachia formaldehidi iliyoshikamana na protini, ukaishia kupima kitu ulichokizalisha mwenyewe.

Tatu, chukua mililita 10 za kimiminika ulichokichuja, zipandishe hadi pH 6 au 6.5 kwa haidroksidi ya potasiamu, ukiitia tone kwa tone, kisha ujaze hadi mililita 20.

Nne, tayarisha kitendanishi cha Nash, dawa inayogeuka njano ikikutana na formaldehidi: gramu 15 za asetati ya amonia, mililita 0.3 za asidi asetiki na mililita 0.2 za asetilasetoni, katika mililita 100 za maji. Changanya mililita 5 za sampuli na mililita 2 za kitendanishi, weka katika maji ya nyuzi 60 kwa dakika 30, poza, usome rangi kwenye spektrofotomita (mashine inayopima mwanga unaonyonywa na rangi) kwa nanomita 412. Soma pia sampuli ileile ikiwa na kitendanishi kisicho na asetilasetoni, utoe namba hiyo, maana nyama nyekundu ina rangi yake. Miyeyusho ya formaldehidi ya kulinganishia iwe kati ya miligramu 0.25 na 4 kwa lita. Usiiamini chupa ya formoli iliyoandikwa asilimia 37: ukiona masimbi meupe chini, sehemu ya formaldehidi imeganda, hivyo pima nguvu yake kwanza kwa njia ya iodini.

Tano, hesabu, na hapa ndipo nilipopotea kwa majuma. Kila nilipotia kiasi nilichokijua cha formaldehidi kwenye nyama, nilirudishiwa asilimia 72 tu, nikabadilisha asidi, nikabadilisha karatasi za kuchujia, bila mafanikio. Kosa lilikuwa kusahau kwamba gramu 30 za samaki zina takribani mililita 23 za maji yake, kwa hiyo kimiminika chote ni mililita 83 wala si 60. Kama mashine inatoa miligramu 1.2 kwa lita, zidisha kwa 2 (kwa kuwa mililita 10 zilijazwa hadi 20), kisha kwa 83, ugawe kwa 30: ni miligramu 6.6 kwa kilo.

Sita, tafsiri. Italia imeweka kikomo cha miligramu 60 za formaldehidi kwa kilo kwa samaki wa ukoo wa Gadidae na 10 kwa kamba na jamaa zao. Namba ikiwa kubwa, usimshitaki muuzaji bado. Pima dimetilamini: sehemu ya formaldehidi ya asili hujificha ndani ya protini, kwa hiyo ile unayoisoma, kwa hesabu ya moli (idadi ya molekuli, si uzito), haitegemewi kuizidi dimetilamini. Ikiizidi, kata kipande cha juu karibu na ngozi na kingine cha ndani kabisa karibu na mfupa, uvipime kila kimoja peke yake, kwa sababu formoli iliyomwagwa kutoka nje huanzia juu.