Somo: Mtu wako akishikwa na polisi Nairobi

Kila Ijumaa jioni inboksi yangu hujaa swali lilelile: "Wamemshika, nifanyeje?" Naandika mara moja tu.

1. Jua yuko kituo gani. Usikisie.

2. Beba kitambulisho chako.

3. Uliza kosa ni lipi. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aambiwe upesi, kwa lugha anayoielewa.

4. OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Hapa ndipo wengi huliwa. Omba namba, kisha uliza wameandika alishikwa saa ngapi. Saa 24 za kumfikisha kortini huanza aliposhikwa, si jina lilipoingia kitabuni. Mtu ameshikwa Gikomba saa nne asubuhi, akazungushwa na karandinga, kitabuni anaingizwa saa kumi na mbili jioni: masaa manane yamemezwa. Kwa hiyo aliyeona akishikwa akutumie meseji papo hapo, saa ibaki kwenye simu. "Tutaandika baadaye" usikubali, lakini usipige kelele kaunta. Nawe pia utaandikwa kwenye kitabu hichohicho. Na aliyeshikwa Ijumaa jioni, saa 24 huishia Jumamosi, korti zimefungwa, basi sheria inaruhusu asubiri hadi Jumatatu. Ombeni dhamana ya polisi jioni ileile.

5. Anyamaze. Ana haki hiyo. Kuungama mbele ya mpelelezi wa kesi yake hakusimami kortini. Sheria inataka jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa, asiye mpelelezi huyo, na mtu aliyechaguliwa na mshukiwa awepo.

6. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba atarudi, ni bure. Dhamana ya pesa taslimu lazima iwe na risiti.

MASWALI

Kijana wa Umoja: Kaka, binamu yangu ameshikwa, nifanyeje?
— Hatua ya 1 hadi 6. Ziko hapo juu.

Sonko Mdogo: Nililipa elfu kumi, hakuna risiti. Hii Katiba yako inasaidia nini?
— Si yangu, ni yetu. Ulichotoa si dhamana, ni hongo. Hatua ya 6 niliiandika kwa sababu.

Mama Mwende: Samahani mwalimu, mama mkwe anajua Kikamba tu. Kesi ikianza ataelewaje?
— Swali zuri, mama. Kifungu cha 50 kinampa mkalimani bila malipo. Amwambie hakimu siku ya kwanza, kabla hajajibu mashtaka. Asiitikie "ndiyo" kwa uoga. Na kama hana pesa za wakili, aseme pia: serikali humpa wakili pale ambapo kumkosa kungemletea dhuluma kubwa. Kosa lake ni gani?

Mama Mwende: Kuuza mboga barabarani.
— Basi soma 49(2): kwa kosa la faini tu, au la kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande.

Fundi Simu: Nyongeza: risiti za mashine hufutika wino, zipigeni picha.
— Asante. Na iandikwe jina la mwenye pesa. Dhamana hurudishiwa aliye kwenye risiti, hata kama ni bodaboda uliyemtuma.