Mishale ya elektroni katika sabuni ya nazi na karafuu

Wanafunzi wengi wa kidato cha sita ninaowasomesha hapa Pemba hukariri mmenyuko wa esta (kiwanja cha asidi na alkoholi) na alkali, ule unaotengeneza sabuni. Mtihani ukibadilisha molekuli moja tu, wamekwama. Mimi naanzia kwenye sabuni ya mafuta ya nazi, na kabla hujachora mshale wowote, yaani alama ya jozi ya elektroni inatoka wapi kwenda wapi, nakutaka useme obitali (chumba cha elektroni) ipi imejaa na ipi ni tupu. Fikra hii ya obitali za mbele ni ya Kenichi Fukui wa Japani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1981 pamoja na Roald Hoffmann.

Hatua ya 1. Chora esta moja. Mafuta ya nazi yana esta tatu katika kila molekuli, lakini ukiielewa moja umezielewa zote. Mnyororo mrefu uandike R. Karibu nusu ya asidi zake ni lauriki, yenye kaboni 12, ila urefu huo hautuhusu hapa.

Hatua ya 2. Tafuta iliyojaa. Haidroksidi (OH⁻ ya kostiki, NaOH) ina jozi za elektroni zisizofungwa kwenye oksijeni. Mshale unaanzia kwenye jozi hiyo, si kwenye alama ya kutoa. Sodiamu iache pembeni.

Hatua ya 3. Tafuta iliyo tupu, na hapa usiharakishe. Kifungo maradufu cha kaboni na oksijeni kina obitali mbili za pai. Ile ya kufunga imejaa na imeegemea oksijeni. Ile ya kupinga kifungo ni tupu, na pande lake kubwa liko kwenye kaboni. Ndiyo maana haidroksidi haigusi oksijeni. Wala haishuki wima juu ya kaboni: inaingia kwa pembe ya takriban digrii 107 kutoka kwenye kifungo cha C=O, kwa kuwa pande hilo tupu limeinama kuikimbia oksijeni. Elektroni zikishaingia kwenye obitali ya kupinga, kifungo cha pai kinavunjika. Huo ndio mshale wa pili, kutoka kwenye kifungo kwenda kwa oksijeni. Ukiusahau umeipa kaboni vifungo vitano, na msahihishaji hatakuonea huruma.

Hatua ya 4. Jozi iliyo kwenye oksijeni inarudi chini, kifungo maradufu kinajengeka upya, na oksijeni ya upande wa gliseroli (alkoholi ya mafuta) inaondoka na elektroni zake, ikiwa alkoksidi.

Hatua ya 5. Wengi huishia hapo, nayo sabuni bado haijapatikana. Asidi iliyotoka ina pKa karibu 5, alkoholi karibu 16; pKa ikiwa ndogo, protoni inaachiwa kwa urahisi zaidi. Protoni inahama papo hapo kutoka kwenye asidi kwenda kwenye alkoksidi, na kwa tofauti ya 11 hakuna kurudi nyuma. Chaji ya kaboksileti (asidi iliyopoteza protoni, ndiyo sabuni yenyewe) inatandazwa kwenye oksijeni zote mbili, hivyo haidroksidi nyingine haina hamu nayo.

Sasa tia karafuu. Mafuta yanayotolewa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo (vikonyo vya karafuu), kama pale kiwandani Wawi, yamejaa eugenoli, C10H12O2. Watengeneza sabuni wanajua yanavyofanya uji ugande upesi mpaka mwiko ukwame, kwa hiyo huyatia mwisho kabisa, tena kidogo, maana yanawasha ngozi. Eugenoli si esta, ni fenoli (OH iliyoshikana na pete ya benzini) yenye pKa karibu 10. Haidroksidi inachukua protoni yake tu: mshale mmoja kutoka jozi ya haidroksidi kwenda H, wa pili kutoka kifungo cha O–H kwenda O. Gramu 2 za eugenoli zinakula karibu nusu gramu ya kostiki, kitu kidogo mbele ya gramu 90 hivi zinazotakiwa kwa nusu kilo ya mafuta ya nazi.

Usipeleke mshale wa chaji hadi kwenye kifungo maradufu cha mkiani. Kati yake na pete kuna CH2, na obitali za pai haziwezi kulivuka.

Zoezi: chora eugenoli iliyopoteza protoni ikikutana na anhidridi ya asetiki, kwa hatua zile zile. Ukifika kwenye eugenili asetati umepatia. Karafuu yenyewe inayo tayari.