Ugonjwa wa mlipuko ukija kwa boti: namna ya kuandaa kijiji cha ziwani

Kijiji chetu kiko kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe. Nyuma ni milima, mbele ni Ziwa Tanganyika. Ukitaka kuja kwetu unapanda boti Kibirizi, mjini Kigoma, unakaa juu ya magunia ya unga, unashukia majini. Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii hapa. Nimepita kipindupindu cha 2015 na korona ya 2020, na haya nawaandikia wenzangu wa mwambaoni na visiwani ambao barabara yao ni maji.

La kwanza, umbali usikudanganye. Novemba 1918 meli ya Talune, iliyotoka Auckland, New Zealand, ilitia nanga Apia, Samoa ya Magharibi, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ikiwa na wagonjwa wa mafua makali. Abiria wakaruhusiwa kushuka. Katika nchi ile, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano alikufa. Jirani yao kabisa, Samoa ya Marekani, gavana John Poyer alizuia meli, na mafua yale hayakuua mtu hata mmoja. Bahari ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa pale watu wanaposhukia.

Sisi ziwa hatuwezi kulifunga. Chumvi, sabuni, dawa za zahanati na petroli vinakuja kwa boti ile ile inayoleta ugonjwa. Kwa hiyo linda mwalo, na uanze kabla mgonjwa wa kwanza hajafika.

Weka daftari mwaloni. La kwetu ni la kurasa 96, limefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya banda la kupimia dagaa, na kalamu yake imefungwa pia. Kila anayeshuka anaandikwa jina, alikotoka, anafikia kwa nani, na siku. Basi. Usiulize kabila, usiulize vibali, maana ukianza hayo watu watakukimbia. Mwandishi awe mtu anayeheshimika na asiye na haraka. Kwetu ni mama muuza uji, kwa sababu yupo pale kila boti ikiingia. Akisikia mgeni anaharisha au anakohoa, ananitumia mtoto kuniita.

Daftari hili lina siku zake za hatari. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Hapo ndipo vijana hutawanyika: huyu kaenda Burundi kumwona mama, yule kavuka Kongo, mwingine kashuka Ujiji. Wakirudi mwezi ukififia, wanarudi kwa makundi. Siku hizo mwaloni wawe watu wawili. Na mkitaka mkutano wa kijiji, uitisheni mbalamwezi ikianza, kabla hawajaondoka, maana usiku wa giza utawahutubia wanawake na wazee peke yao.

Wakati wa korona tuliambiwa watu wakae mbalimbali. Kwenye kipe, chombo chetu cha kuvulia dagaa, haiwezekani. Watu watano au sita wanavuta wavu mmoja usiku kucha, bega kwa bega. Tulichofanya, na ninawashauri mfanye, ni kuhesabu kipe kimoja kama kaya moja. Wavuvi wale wale, usiku wote, hakuna kuazimana watu. Mmoja akiugua, wote wa kipe kile wanapumzika na wanaletewa chakula. Wenye vyombo watanung'unika. Wape mfano: kipe kimoja kikisimama, mwalo bado unavua.

Sasa kibuyu chirizi. Weka viwili, kimoja pale watu wanapotoka majini na kingine kwenye choo cha mwalo. Chukua dumu la lita 5, pasha msumari moto, utoboe tundu moja tu chini kidogo ya shingo, upande usio na mpini. Pitisha kijiti kwenye mpini, ukilaze juu ya nguzo mbili zenye panda. Funga kamba shingoni, na chini yake funga kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama, ukiachia, linarudi. Hakuna anayeshika dumu kwa mkono. Sabuni itie kwenye kipande cha wavu mkuukuu na uifunike na kopo, kwa sababu kunguru huiba sabuni. Mpangie mtu wa kujaza maji asubuhi na jioni, tena kwa jina. Kibuyu kikavu kinawazoesha watu kupita bila kunawa.

Mgeni anayetoka mahali penye ugonjwa akae kando, lakini usimfanye mfungwa. Hili nimelijua kwa uchungu. Mwaka 2020 tulitangaza kwa kipaza sauti kwamba atakayetoka mjini atafungiwa. Kijana mmoja alikuwa anarudi na homa. Akaogopa, akashukia usiku kwenye mawe upande wa kusini, akaingia kwa bibi yake kimyakimya. Tulimgundua siku ya nne, bibi akiwa tayari anakohoa. Bibi alipona, namshukuru Mungu, ila kosa lilikuwa letu. Siku hizi tunasema: "Karibu nyumbani, chumba chako kiko tayari." Tafuta nyumba yenye choo chake, weka mkeka, ndoo, na zamu ya kina mama ya kupeleka ugali na migebuka. Aliyeshiba hatoroki.

Kipindupindu kinataka mwendo mwingine, kwa sababu hakikupi muda. Mei 2015 nilikwenda Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, kusaidia kutafsiri, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Watu makumi ya maelfu waliokimbia Burundi walikuwa ufukoni, na ziwa lile lile walilioga, wakalinywa, na wengine wakajisaidia humo. Meli ya MV Liemba ilisimama mbali kwa kukosa gati, watu wakapelekwa melini kwa mitumbwi ili wafikishwe Kigoma mjini. Katika mlipuko ule walikufa zaidi ya watu 30. Namkumbuka mama mmoja niliyemshika mkono: ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima, nikiifinya hairudi. Alikuwa ameanza kuharisha asubuhi ile tu.

Kwa hiyo kila nyumba ijue hili kwa kichwa. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Kijiko kisawazishwe kwa kisu, kisiwe na kilima. Onja: isizidi chumvi ya machozi, ikizidi, mwaga uanze upya. Kama kuna pakiti za zahanati, tumia hizo kwanza. Anywe kidogo kidogo, akitapika subiri dakika 10 uendelee, na mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Huku unampa, boti iandaliwe, kwa sababu aliyelegea anahitaji dripu.

Na boti bila petroli ni mti tu. Tuliwahi kuzunguka na mgonjwa usiku tukigonga milango kuomba petroli ya kikombe kikombe. Tangu hapo kila chombo kinachouza dagaa mwaloni kinatoa shilingi 500, tunanunua dumu la lita 20, linafungiwa. Ufunguo uko kwa mwanamke mmoja asiye na chombo wala ndugu mwenye chombo. Pima safari yenu: petroli ya kwenda na kurudi, upepo ukiwa mbaya.

Dawa za kila siku msizisahau. Andika majina ya wenye presha, kisukari, kifua kikuu na wanaotumia ARV, daftari hili likae kwa siri yako, lisiwe lile la mwaloni. Habari za ugonjwa zikianza tu redioni, nenda nao zahanati kuomba dawa za miezi zaidi kabla safari hazijapungua. Waandike na wajawazito na mwezi wanaotarajia.

Msiba ndio mgumu kuliko yote. Usiwaambie watu wasizike. Kaa na shehe na mchungaji mapema, kabla hakujawa na maiti, mkubaliane nani ataosha, nani atabeba, na kwamba hakuna kupika chakula cha wengi siku ile. Likitoka kwao watu hulipokea. Likitoka kwangu siku ya kilio, naonekana sina utu.

Daftari letu la mwaloni sasa ni la tatu. Likijaa, mama muuza uji ananiletea nyumbani, nami nanunua jingine Kibirizi.