Picha ya kartie: usitume faili lenyewe

Wewe unayepiga picha za mambo ya kartie (mtaa) hapa Goma na kuzipeleka redioni kwa imeili, usitume faili lenyewe. Fungua picha ijaze kioo, piga picha ya skrini, kata ukanda wa juu wenye saa na jina la mtandao, tuma hiyo. Kamera ya simu, kama umeiruhusu kujua mahali, huandika ndani ya faili latitudo na longitudo, saa na aina ya simu. Anayelipokea anaweza kuona kwenye ramani hadi kona uliyosimama. Picha ya skrini haibebi latitudo hizo. WhatsApp nayo huziondoa ukituma picha kwa kawaida, ila ukiituma kama dokumenti ili ubora usipungue (wengi tunapenda hivyo), zinaenda zote.

Njia hii haisaidii kitu pale picha yenyewe inapojisemea: kibao cha duka, namba ya pikipiki, mlima Nyiragongo juu ya paa fulani. Mtu wa Ndosho, kartie ya hapa Goma, atajua tu. Na jina la faili mara nyingi hubeba tarehe na saa, libadilishe. Ile ya asili usiifute ovyo. Redio ikitaka uhakika wa siku na mahali, ushahidi wako ni huo.